Keko ya Vitanda

SEHEMU YA KWANZA

Siku naondoka makao nilikuwa najua kupika ugali wa watu 64. Mwiko wetu ulikuwa mrefu kama kasia, na zamu ya jikoni iliponiangukia nilipanda juu ya tofali nikasonga kwa mikono miwili mpaka mgongo uloe. Nilichokuwa sijui ni ugali wa mtu mmoja. Sikujua chumvi inauzwaje dukani, maana ya kwetu ililetwa kwa gunia kwenye gari la wafadhili. Sikuwahi kununua umeme. Sikuwahi kushika ufunguo wa mlango wowote. Milango yetu ilifungwa na mama wa zamu saa tatu usiku, akaifungua huyohuyo saa kumi na moja alfajiri.

Naitwa Sikudhani. Jina la baba ninalotumia ni la askari aliyenipokea kaunta, usiku ule konda aliponikuta kwenye kiti cha nyuma cha basi, nimeviringishwa khanga, abiria wote wameshashuka. Tarehe yangu ya kuzaliwa ni 1 Januari, kama nusu ya watoto wa pale. Daktari alinihesabu meno akakadiria mwaka. Mwezi na siku vikabaki kwa mwenye kalamu.

Basi hiyo 1 Januari ya kukadiriwa ndiyo iliyonitoa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mwenye umri chini ya miaka 18, na makao yetu yalikuwa ya watoto. Mama Mkubwa, ndivyo tulivyomwita mkuu wa makao, alinivumilia mpaka matokeo ya kidato cha nne yalipotoka. Divisheni foo, pointi 28. Akaniita ofisini.

"Umejitahidi, mwanangu," akasema, macho yakiwa kwenye karatasi. "Sasa kuna mtoto anasubiri kitanda. Ana miaka minne. Yuko kwa afisa ustawi tangu Jumatatu."

Nilitamani kumchukia huyo mtoto, nikashindwa. Na mimi kuna mtu alinipisha.

Nikapewa godoro, ndoo, shuka mbili, shilingi 60,000 na bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha mlikuwa na cheti cha kuzaliwa, cheti cha darasa la saba, matokeo yangu, na barua ya utambulisho yenye muhuri wa makao.

"Usiikunje, usiilowanishe, usimwachie mtu akushikie," Mama Mkubwa akaniambia. "Humo ndimo alimo baba yako na mama yako."

Nilikokuwa nakwenda kulijulikana. Pale makao palikuwa na utaratibu ambao haukuandikwa popote: anayetoka humfuata aliyetoka. Mbele yangu alikuwa Festo, aliyeondoka miaka mitatu nyuma, na Festo alikuwa Keko, Dar es Salaam, anatengeneza vitanda. Alikuwa akituma picha kwenye simu ya Mama Mkubwa: kitanda cha tano kwa sita, mninga mtupu, kichwani kimechongwa ua. Ndiye aliyenifundisha kupiga msumari nikiwa na miaka tisa. Kigoda tulichokitengeneza pamoja kwa mbao za kreti za soda bado kipo jikoni kule, nasikia. Mara ya mwisho alituma sauti: "Mwambieni Siku aje, kazi ipo. Nitampokea Mbezi mwenyewe."

Babu Mlinzi alinibebea godoro mpaka barabarani. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku ile aliyatumia yote.

"Mjini watakuuliza wewe ni mtoto wa nani," akasema. "Watakuuliza kila mlango. Usilie, maana hawana nia mbaya. Ndivyo wanavyojua kumfahamu mtu."

Nilidhani ananitania.

Nilipanda basi Msamvu asubuhi, saa nane mchana nikawa stendi ya Magufuli, Mbezi, nimekalia godoro langu kama mtu aliyehamishwa kwa mafuriko. Saa tisa. Saa kumi. Kila kijana mrefu aliyepita nilimwona Festo. Simu sikuwa nayo. Dada mmoja wa vocha alikuwa ananipigia kwa shilingi 500 kila mara, na kila mara namba haikupatikana. Saa moja kasoro, giza linaingia, ya nne ikaita.

Ikapokelewa na mwanamke. Nyuma ya sauti yake nilisikia mafuta yanachemka kwenye kikaango.

"Shikamoo mama. Naomba kuongea na Festo."

"Marahaba. Festo hayupo. Wewe nani?"

"Mdogo wake. Sikudhani, natokea Morogoro. Alisema atanipokea."

Akanyamaza. Kikaango kikaendelea kulia.

"Festo yuko Keko, mwanangu."

Nikashusha pumzi. "Najua, mama. Ndiko anakofanya kazi. Nielekeze tu gari la kupanda."

"Mwanangu," yule mama akasema taratibu, kama mtu anayeshusha sufuria la moto. "Siyo Keko ya vitanda."

SEHEMU YA PILI

*Ilipoishia: Sikudhani ametoka makao ya watoto akiwa na miaka 18, amefika Dar es Salaam, na mtu aliyemtegemea kumpokea yuko Keko. Siyo Keko ya vitanda. Sasa endelea.*

Kwa msomaji wa mbali: Keko ni jina moja lenye milango miwili. Mmoja umefunguka barabarani, makabati na masofa yamepangwa nje mpaka njia ya waenda kwa miguu imepotea. Mwingine ni wa gereza, wanakowekwa mahabusu wanaongoja kesi. Mtu wa Dar akisikia "fulani yuko Keko" huuliza kwanza Keko ipi, ndipo aamue kupongeza au kutoa pole.

Yule mama aliitwa Mama Rehema, mama ntilie anayelisha nusu ya mafundi wa mtaa ule. Festo alimwachia simu siku aliyokamatwa. Usiku ule alinipokea, akanisogezea mkeka pembeni ya binti yake, akanieleza yote huku anachambua mchele wa kesho.

Ilikuwa imepotea randa ya umeme ya karakana ya jirani. Festo, ili asilipe kodi, alikuwa akilala kwenye karakana ya bosi wake na kulinda kote kuwili. Kitu kikipotea usiku, anayeulizwa kwanza ni aliyelala hapo. Basi. Hawakumkuta na mashine wala hela.

"Dhamana iko wazi tangu siku ya kwanza," Mama Rehema akasema. "Wadhamini wawili, kila mmoja na kitambulisho chake na barua ya serikali ya mtaa. Mimi nilikwenda. Wakaniuliza, wa pili yuko wapi?"

Akazitupa nje pumba.

"Dhamana ipo. Watu ndio hawapo."

Kesho yake nilimfuata bosi wa Festo. Mzee Kondo alikuwa amekaa juu ya rundo la mbao anakunywa kahawa, mwili mdogo, vidole vinene.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamkumbuka Babu Mlinzi. "Mimi ni mdogo wake Festo."

Karakana nzima ikaacha kupiga msasa. Mzee Kondo aliitazama mikono yangu kwa muda, akaokota kipande cha msasa chini, akanirushia. "Mguu wa kitanda ule pale. Piga mpaka nikwambie."

Hakuniambia mpaka jua likazama. Wala kesho yake.

Nilikaa Keko miezi minane kwa posho ya shilingi 5,000 kwa siku, na nikitaja shule niliyosoma, ninaitaja hiyo. Nilijifunza kwamba mninga ukiupasua unatoa utomvu mwekundu kama damu, na vumbi la mkongo litakupigisha chafya mpaka machozi. Nilijifunza kuufuata uzi wa mbao, maana ukipiga msasa kinyume chake mikwaruzo hutoiona leo. Utaiona kesho vanishi ikishakauka, mteja amesimama mlangoni. Nilijifunza pia namna paini inavyopakwa rangi ikauzwa kwa jina la mninga. Mzee Kondo hakuwa akifanya hivyo. Nasema haya mapema ili mnielewe mbele.

Chumba sikupanga. Dalali alinionyesha kimoja cha 50,000 kwa mwezi, lakini mwenye nyumba alitaka ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye mwezi wake mmoja: 350,000 kabla sijaweka hata ndoo. Nikabaki kwa Mama Rehema. Zamu yangu ya kwanza kupika nilisonga ugali ukalisha nyumba nzima, wapangaji wawili na mlinzi wa jirani. Mama Rehema alicheka mpaka akakaa chini. "Huyu nimeletewa na Mungu," akawaambia watu, "atanisaidia kwenye biashara."

Mzee Kondo ndiye aliyenisukuma nikafuatilie namba ya NIDA. Ilipotoka niliikodolea macho: tarakimu 20, na nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa. Ile 1 Januari ya mwenye kalamu sasa ilikuwa kwenye kompyuta ya taifa. Nikasajili laini kwa kidole changu mwenyewe. Siku ile nilitembea na simu mkononi kutwa nzima, hakuna aliyenipigia, nikaona sawa tu.

Jumapili nilikwenda kumwona Festo. Alikuwa amekonda shingo. Tulisimama, kelele za watu huku na huku.

"Sikuichukua, Siku."

"Najua."

"Wewe kujua hakunisaidii. Nitafutie mtu anayejulikana, naye ajue."

Ikafika miezi ya fomu za VETA, maana masomo yao ya muda mrefu huanza Januari na maombi hutangulia. Chuo cha Chang'ombe ni mwendo wa miguu kutoka pale kwetu. Mzee Kondo aliniambia niende. Yeye alifundishwa na baba yake, na alikuja kupimwa uzeeni kwa ule mpango wa VETA wa kurasimisha ujuzi wa mafundi wa mtaani; cheti chake kilitundikwa ukutani ndani ya nailoni kisiliwe na vumbi. "Mkono ninao miaka arobaini," alikuwa akisema, "lakini wenye tenda hawaangalii mkono. Wanaangalia ukuta."

Nikachukua fomu ya useremala. Nikajaza jina, tarehe, shule. Nikafika mstari wa mzazi au mlezi.

Mnaosoma haya mnao wa kuwaandika hapo, hata kama hamsalimiani. Mstari ule ndio unaotungoja sisi kila mahali. Dada mmoja aliyetutangulia makao alifaulu kidato cha sita akataka mkopo wa chuo kikuu. Bodi ya Mikopo humtaka yatima alete vyeti vya vifo vya wazazi wake, vimehakikiwa RITA. Sasa mtu aliyeokotwa ndani ya basi alete cheti cha kifo cha nani? Hajui hata kama wamekufa.

Nikampigia Mama Mkubwa. Akaniombea, akasema jalada langu lilifungwa nilipotoka, yeye kwa karatasi si mlezi wangu tena. Hakusema kwa ubaya. Nyuma yake nilisikia mtoto mdogo analia, nikajua ni yule wa kitanda changu.

Mzee Kondo aliniona nimeshika kalamu siandiki.

"Tatizo nini?"

Nikamwonyesha mstari. Akavaa miwani, akasoma, akavua.

"Andika Kondo," akasema. "Nitaisaini. Na karakana hii uanze kuifungua wewe asubuhi, mimi magoti yananisumbua." Akaniwekea ufunguo kiganjani.

Ufunguo wa kwanza maishani mwangu. Nilikwenda nyuma ya mbao nikalia, nikamaliza, nikarudi kwenye msasa.

Siku ya mwisho ya kurudisha fomu ilikuwa Ijumaa. Alhamisi jioni, mafundi wameshaondoka, nilibaki kupakia maranda kwenye viroba. Kuna mfuga kuku huyanunua ya kutandika bandani. Vikapungua viwili kwa hesabu. Nikaingia stoo, nikavuta kiroba kilichosukumwa chini kabisa, nyuma ya mabanzi.

Kilikuwa kizito. Maranda hayana uzito ule.

Nikaingiza mkono, nikagusa chuma. Nikafukua. Randa ya umeme, ya bluu, mpini wake umeungua upande mmoja na kufungwa utepe mweusi. Sikuwahi kuiona. Lakini kwa miezi minane nilikuwa nimesikia ikielezwa vile vile, mpini ulioungua na utepe mweusi, kila mtu aliposimulia kesi ya Festo.

Mlango wa stoo ukalia nyuma yangu.

"Hicho kiroba hakiuzwi, mwanangu," akasema Mzee Kondo.

SEHEMU YA TATU

*Ilipoishia: Sikudhani ameikuta stoo mashine iliyompeleka Festo mahabusu. Aliyesimama mlangoni ni mtu pekee aliyekubali kuwa mlezi wake. Sasa endelea.*

Hakuja juu. Laiti angekuja juu. Alifunga mlango, akavuta kopo la rangi tupu akalikalia, magoti yakalia kama bawaba kavu.

"Shabani," akasema.

Shabani ni mwanawe wa mwisho, kijana wa mikeka ya kubeti mpira, anayekuja karakana mchana kuomba ya soda.

"Aliiweka rehani kwa madeni yake. Niliposikia nikaenda kuikomboa usiku uleule. Nilipofika hapa nayo, kijana alikuwa ameshachukuliwa."

"Ungeirudisha, mzee."

"Ningesema nimeitoa wapi?"

"Miezi minane."

"Naijua miezi." Alikuwa anatazama vidole vyake. "Shabani ana mama yake. Ana mashangazi watano, ana wajomba. Angeguswa yeye, mtaa huu wote ungejaa hapa, wengine na kanga kiunoni. Nikafikiri kesi itazungukazunguka, itakufa yenyewe. Huyu mwingine nilijua hakuna mtu atakayekuja..."

Akakatisha. Nadhani alijisikia. Maana mtu aliyekuja kuuliza alikuwa amesimama mbele yake, mikono imejaa maranda, ndiye aliyempa msasa.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini sikupiga kelele pale pale. Waulizaji wote ni watu wenye kwao. Mzee Kondo hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo ugumu wangu wote ulipokaa. Hakuniweka siku hata moja bila posho. Kijana mmoja alipoanza kunichezea kwa maneno, alimfukuza kazi mbele ya wote. Alikubali kuandikwa kwenye mstari ambao hata makao hayakuweza tena kujiandika. Mtu mwenye mlezi mmoja tu anajifunza haraka sana kutoona vitu.

Akaitoa fomu yangu kwenye mfuko wa shati, ilikuwa huko tangu mchana. Akailaza juu ya benchi, akapuliza vumbi, akasaini. Saini yake ni ndefu, ina mkia kama wa randa inapomaliza ubao.

"Wanafunga kesho saa tisa na nusu. Ada usiwaze." Akanikabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa mahari. "Hicho kiroba kirudishe kilipokuwa."

Nikakirudisha. Ndiyo, nilikirudisha. Nisijifanye shujaa.

Usiku sikumwambia Mama Rehema. Nililala nimeikumbatia bahasha, fomu iko ndani pamoja na vyeti, na kila nilipofumba macho nilimsikia Festo: nitafutie mtu anayejulikana. Mimi nilikuwa nimejulikana. Nilikuwa na namba ya NIDA, laini yangu, fundi aliyenisainia, ufunguo. Na kesi ya Festo ilikuwa imepangwa kutajwa Ijumaa hiyohiyo, saa tatu asubuhi, kwa mara ambayo mimi na Mama Rehema tulishaacha kuzihesabu.

Saa kumi alfajiri niliamka. Nikafungua karakana kwa ufunguo niliopewa kwa imani, jambo ambalo mpaka leo sijajisamehe wala kulijutia. Kiroba kilikuwa palepale. Nikakiweka begani, nikafunga mlango nikaujaribu mara mbili, nikatoka.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi, kama mipango yote ya watu wasiolala. Niifikishe mashine mahakamani kesi inapotajwa, niseme ilipokuwa, halafu nikimbie Chang'ombe kabla hawajafunga dirisha la fomu. Kama Mzee Kondo angekuwa ameshaikana saini yake kufikia saa hiyo, hilo ningelijua nikifika.

Kulikucha nikiwa barabarani. Mafundi wa mapema walikuwa wanatoa vitanda nje, wanavifuta umande. Kiroba kilikuwa kinanichubua bega. Bahasha niliibana kwapani upande wa pili. Nilifika njia panda, mkono mmoja naweza kuliona geti la VETA, na mwingine ndiko barabara ya mahakamani. Nikasimama kubadilisha bega.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa Mama Rehema, ambaye hajawahi kuniandikia, huwa anapiga na kukata nimpigie:

"Siku usirudi nyumbani. Shabani kaleta polisi hapa. Anasema kakuona alfajiri umebeba randa ya watu. Wanasema kumbe wewe na Festo ni wamoja, mashine mlikuwa nayo nyinyi muda wote."

Kisha wa pili, kabla sijamaliza kusoma wa kwanza:

"Baba yake yupo hapa. Kanyamaza."

Ng'ambo ya barabara difenda ya polisi ilipunguza mwendo. Aliyekaa nyuma, katikati ya askari wawili, ameshika bomba kwa mkono mmoja na kunyoosha kidole kwa mkono mwingine, alikuwa Shabani.

Kidole kilikuwa kinanielekea mimi.

Nilikuwa na miaka 18 na miezi minane ya kukadiriwa. Kwapani nilibana saini ya mlezi, begani nilibeba mashine iliyopotea.

*Itaendelea Jumamosi ijayo. Wakati unangoja, msomaji, ikiwa unacho kitambulisho na serikali ya mtaa wako inakufahamu: Festo bado anahitaji wadhamini wawili, na Mama Rehema ni mmoja.*